Bonde la Simiyu: Kutoka Kibomet Hadi Milima ya Ugiriki

Tangu nirudi, mmenisimamisha sokoni, mlangoni pa kanisa na hata kwenye foleni ya posta, kila mtu akiuliza Ugiriki ni kama wapi. Nimejibu vipande vipande hadi nimegundua kwamba hapa Kibomet sasa kuna safari zangu tatu, na zote zinatofautiana. Afadhali niiandike mara moja. Mambo ya tikiti na viza nayaruka. Yalinichosha nilipoyapitia, sioni kwa nini niwachoshe na nyinyi.

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa historia. Kwa miaka ishirini na mitatu nimewafundisha watoto wa Kitale habari za Ugiriki ya kale, na somo lenyewe huwa nalimaliza ubaoni kwa mistari minne. Milima iliwagawa watu, hivyo kila bonde likawa na serikali yake. Ardhi ilikuwa haba, hivyo watu wakahama. Bahari ilikuwa karibu, hivyo wakafanya biashara. Jua lilikuwa jingi, hivyo wakakutana nje na kujadiliana. Wanafunzi hunakili, hukariri, hupata alama zao. Mimi mwenyewe sikuwahi kuona hata jiwe moja la huko.

Lakini si historia iliyonipeleka. Ni kaka yangu Simiyu.

Kibomet hadi Kanduyi

Shule zilipofungwa Agosti nilishuka kwanza Bungoma kumuaga Mama. Mahindi yalikuwa yamesimama kando ya barabara tangu Kiminini, marefu kuliko mtu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nawaambia haya kwa sababu nilikuja kuyakumbuka sana baadaye.

Mama anaishi Kanduyi, kwenye shamba aliloliacha Baba. Simiyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Alikwenda Ugiriki kusomea kilimo nikiwa bado chuo cha ualimu, akaoa huko, akabaki. Alituandikia kwamba anasimamia shamba kubwa la mizeituni mlimani, na Baba alizisoma barua hizo kwa kila aliyepita. Mgeni alikuwa hawezi kumaliza chai kwetu bila kusikia habari za bwana shamba wa Ulaya.

Miaka sita iliyopita Baba alifariki. Tulimpelekea Simiyu habari, naye akajibu kwa mistari miwili: hataweza kuja, tumzikie baba yake. Basi. Hakueleza sababu wakati ule wala baadaye. Tangu siku hiyo Mama hakuzungumza naye. Simiyu alikuwa akipiga simu kila Krismasi, Mama akisikia ni yeye ananipa simu na kutoka nje kutazama kuku.

Mwaka huu baba zetu wadogo walitaka shamba ligawanywe, na mwana wa kwanza hawezi kurukwa. Ndipo Mama akaniita, akaniketisha karibu naye.

"Nafula, enda umuone na macho yako," alisema. "Umuulize kama yeye bado ni mtu wa hapa. Barua yake siitaki. Niletee jibu."

Mdogo wetu Naliaka alikuwa kando akinifungia karanga za kukaanga na kopo la simsim iliyosagwa. Naliaka alirudi nyumbani na watoto watatu baada ya ndoa yake kuvunjika, na wanalala wote katika jiko la Mama. Hakusema neno kuhusu shamba, na hakuna aliyemuuliza.

Kairo, kutwa nzima

Ndege ya kutoka Nairobi ilitufikisha Kairo asubuhi, na ile ya kwenda Athens ikapata hitilafu. Tulikaa uwanjani kutwa. Kando yangu alikaa mama mmoja Mmisri aliyekuwa akienda kumuona binti yake. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini alikuwa na mkate wenye maharage ya kupondwa, mimi nina simsim, na baada ya muda tulikuwa tumebadilishana. Alipoonja simsim aligonga kifua chake na kuita jina nisilolijua, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu. Nadhani kwao pia ipo.

Tulipopaa jioni nilikuwa dirishani. Nikaona mto Nile, utepe mmoja wa kijani katikati ya mchanga usiokuwa na mwisho. Nikajiambia, hapa ungeweza kumtawala kila mtu. Watu wote wamepangwa kandokando ya mto mmoja; mwenye mashua na askari anawafikia wote. Ndiyo maana walikuwa na mfalme mmoja. Hilo pia nimelifundisha miaka yote, lakini nililiona siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Athens, na tatizo la nyusi

Niseme ukweli, asubuhi yangu ya kwanza nilipoiona Ugiriki kwa mwanga wa mchana, nilidhani nimefika mahali penye njaa. Vilima vilikuwa vya rangi ya kahawia, mawe yametokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nilitafuta udongo mweusi kama wetu wa Kitale nisiuone. Nilimwuliza mhudumu wa nyumba ya wageni kama mvua imekosa mwaka huo. Alishangaa. Agosti hakuna mvua, akasema, na haijawahi kuwepo. Mvua ni ya majira ya baridi.

Nilipanda kile kilima chenye mahekalu ya marumaru. Picha zake mmeziona nyote vitabuni, kwa hivyo sitawaeleza nguzo. Nitawaeleza nilipogeuka. Chini yangu kulikuwa na uwanda ambao ungetoshea katika kona moja ya kaunti yetu ya Trans Nzoia. Pande tatu umefungwa na milima. Upande wa nne, bahari, inang'aa. Nilisimama pale hadi walinzi wakaanza kunitazama. Watu wa uwanda huu mdogo, wenye udongo huu mkavu, ndio waliofanya mambo ambayo mimi huyaandika ubaoni Kitale baada ya miaka elfu mbili na zaidi. Nilihisi aibu kidogo kwa mistari yangu minne, na fahari kubwa kwa binadamu.

Kesho yake nilitakiwa kupanda basi la asubuhi kwenda kwa Simiyu. Alikuwa amenieleza kwa simu kila hatua, na mwisho akasema mkewe Eleni ndiye atakayenipokea kituoni. Hilo liliniuma. Nimetoka Kenya, na ndugu yangu hawezi kuja hata kituoni?

Stendi ya basi niliketi karibu na mlango. Karani alinijia, akataja mji niliokuwa nikienda kwa sauti ya kuuliza. Nikainua nyusi. Mnajua kwetu ukiinua nyusi umekubali. Akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Dakika chache baadaye akarudi, akataja mji ule tena, nami nikainua nyusi juu zaidi. Akatabasamu, akaenda, na basi likaondoka.

Nilikimbia nikipiga mayowe. Ilichukua watu wawili na karatasi moja kunieleza kwamba Mgiriki akiinua nyusi amekataa. Nilikuwa nimeulizwa mara mbili kama nasafiri, na mara mbili nimekataa kwa heshima. Tena neno lao la kukubali ni "ne", ambalo kwa sikio la mwalimu aliyesomeshwa Kiingereza linasikika kama kukataa. Kwa hivyo nilipouliza kama kuna basi lingine, karani akasema "ne, ne," nikakaa chini nikakaribia kulia. Basi lingine lilikuwepo, la adhuhuri. Nilipomwambia natoka Kenya alinitazama miguu akauliza kama mimi ni mkimbiaji. Nina miaka hamsini na mmoja na kilo nisizozitaja. Nilimwambia leo asubuhi nimejaribu.

Shingo ya nchi

Dereva wa basi la adhuhuri alikuwa mzee mwenye masharubu meupe aliyekuwa baharia zamani. Aliposikia Kenya aliita "Mombasa! Kilindini!" na kunihamishia kiti cha nyuma yake, ili azungumze nami kwa Kiingereza chake cha melini.

Saa moja hivi kutoka Athens nchi inabanwa na bahari pande zote mbili hadi inakuwa kama shingo. Hapo ni Korintho. Siku hizi kuna mfereji uliochimbwa kwenye mwamba, mrefu kwenda chini hadi meli iliyopita ilionekana kama ya kuchezea. Dereva alipunguza mwendo ili nione. Akasema watu wa kale hawakuwa na mfereji, walikuwa na barabara ya mawe. Waliitoa meli baharini upande mmoja, wakaivuta nchi kavu, wakaiteremsha upande wa pili.

Nilimwuliza kwa nini wasingezunguka tu. Alicheka, akasema yeye amezunguka, na anaijua ile bahari ya kusini. Mtu aliyeizunguka mara moja angevuta meli kwa meno.

Basi nikaelewa utajiri wa Korintho. Walikuwa wamekaa mahali ambapo kila mtu mwenye haraka lazima apite. Kama ukiwa na kibanda njia panda, kwa mfano pale Kanduyi, huhitaji shamba.

Mbuzi waliofunga barabara

Baada ya hapo tulianza kupanda. Sisi tumezoea Mlima Elgon, mlima mmoja mkubwa unaouona kutoka kila mahali, na watu wa pande zake zote wanajuana. Huko ni mlima nyuma ya mlima. Unapanda saa nzima, unafika juu, unaona bonde dogo lenye kijiji na kanisa, unashuka, unalivuka kwa dakika kumi, na unaanza kupanda tena.

Katikati ya mpando mmoja tulikuta mawe yamejaa barabarani. Dereva alishuka, akatazama juu, akarudi akatangaza neno moja. Mbuzi. Walikuwa wamepita mwambani na kubingirisha nusu ya ukingo. Ikabidi tungoje trekta kutoka bonde lililo mbele.

Tulingoja kwa saa tatu na nusu. Abiria walitoa vyakula kana kwamba walikuwa wamejua. Bibi mmoja aliyevaa nyeusi tupu alinikatia mkate, jibini ya chumvi na nyanya, akanimiminia mafuta ya zeituni juu ya vyote bila kuniuliza. Nilimpa karanga. Alizikubali moja moja, kama dawa.

Kupitia kwa dereva nilimwuliza kama yeye ni mwenyeji wa huku. Bibi alitoa sauti ya "ts" na kuinua nyusi. Safari hii nilijua maana yake. Alielekeza kidole kwenye mlima ulio nyuma yetu. Alizaliwa upande wa pili wa ule, akaolewa huku, na ana miaka hamsini na nne katika kijiji cha mumewe.

"Bado wanamwita mgeni," dereva alinitafsiria. "Anasema wakimkasirikia wanamwambia arudi nchini kwake."

Nchini kwake palikuwa mwendo wa nusu saa kwa basi. Lakini barabara ilipasuliwa bibi akiwa tayari ana wajukuu. Zamani ilikuwa siku nzima kwa punda, na majira ya baridi njia ilifungwa na theluji. Bibi aliendelea kueleza, na sasa basi zima lilikuwa likimsikiliza. Mikate ya kwao ina umbo lingine. Mtakatifu wa kwao ni mwingine. Hata neno la kumwita nyanya wa mtoto ni tofauti. Kisha akasema kwa kiburi ambacho hakikuhitaji tafsiri kwamba watu wa kwao huzungumza Kigiriki safi zaidi.

Mstari wangu wa kwanza wa ubaoni ulikuwa umekaa mbele yangu, umevaa nguo nyeusi, unatafuna karanga za Bungoma. Milima iliwagawa watu. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba iliwafanya pia wajipende hivyo.

Kituoni

Tulifika jua likikaribia kuzama. Barabara iliishia kwenye bonde jembamba, kuta za mwamba mwekundu pande zote mbili, na bahari mwisho wake. Kutoka juu nilikuwa nimeona kila kitu kwa mtazamo mmoja: mashamba, kilima chenye magofu, bandari ndogo.

Kituoni alisimama mwanamke mwenye nywele za kijivu ambaye nilimjua kwa picha, Eleni. Alikuwa hapo tangu saa saba. Nyuma yake, kwenye njia ya kuteremka kijijini, nilimwona mwanamume mweusi anakuja haraka, au anajaribu kuja haraka. Alikuwa na fimbo. Mguu wa kushoto haukukunja goti. Kila hatua aliurusha kwa kando, kisha akauegemea.

Sikumtambua Simiyu hadi aliposema jina langu.

Baadaye Simiyu alinieleza kwamba walikuwa wamepanga Eleni anipokee, anipikie, kisha nimkute yeye akiwa ameketi tayari mezani. Lakini basi lilipochelewa alishindwa kuvumilia. Niliuliza mguu umepatwa na nini. Alisema ukuta ulimwangukia, zamani, na akaniuliza habari za mahindi.

Ngazi za mawe

Asubuhi yake nilimwomba anionyeshe shamba kubwa. Alinipeleka nyuma ya nyumba.

Mteremko ulikuwa mkali kama paa. Juu yake wamejenga kuta za mawe, moja juu ya nyingine kama ngazi, na nyuma ya kila ukuta kuna ukanda wa udongo ambao unaweza kuuvuka kwa hatua nne. Kwenye kila ukanda kuna mizeituni miwili mitatu, mtini, mizabibu. Ngazi kumi na tisa. Zote pamoja hazifikii robo ya shamba la Kanduyi.

"Hii ndiyo hiyo," alisema. "Si kubwa. Na si ya mtu mwingine ati naisimamia, ni ya baba yake Eleni. Tulikuwa tunaijenga na yeye mpaka akakufa."

Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu, lakini kilikuwa cha Bungoma. Alinieleza kwamba hapo hapakuwa na udongo. Wazee waliubeba kwa vikapu kutoka bondeni, na kila mvua kubwa inapouteremsha, unaubeba tena kuupandisha. Ukuta ukibomoka, unaujenga upya bila saruji, jiwe likishika jiwe. Nyingine kati ya zile kuta hakuna anayejua zilianza lini.

Ndugu zangu, nilipapasa ule ukuta. Mimi nimefundisha kwamba mazingira yaliwafanya Wagiriki wawe hivi na vile. Lakini mlima haujengi ukuta. Mlima ulikataa, na watu wakabeba udongo mgongoni. Sisi tuliozaliwa juu ya udongo unaootesha hata kijiti cha kuegemezea nyanya hatuwezi kuelewa kazi hiyo mpaka tuione. Nilimwambia Simiyu kwamba shamba hili ni la ajabu kuliko lolote alilotuandikia. Aligeuka upande, akajifanya anatazama tini.

Mchana Eleni alipika mboga, akaiweka mezani na ndimu na mafuta. Nilionja na kuacha uma. Ilikuwa mchicha, ule ule wa kwetu. Nilimwambia kwa ishara kwamba namjua huyu. Alidhani nalalamika, akataka kuuondoa, nikaishika sahani kwa mikono miwili. Kwa siku tisa nilizokaa tulikula mchicha kila siku, na samaki, na mkate mgumu uliolowekwa. Ugali niliukosa, siwafichi.

Ukumbi wa mlimani

Siku ya sita Simiyu alinipeleka kwenye kile kilima chenye magofu. Njia ilimchukua muda mrefu na alikataa nimshike.

Hapo zamani palikuwa mji, alisema, mji kamili wenye sheria zake na jeshi lake, ingawa wenyeji wote wangeenea katika uwanja wa Kanduyi na nafasi ikabaki. Ukuta umebaki kidogo. Kilichobaki vizuri ni ukumbi: safu kumi na mbili za viti vya mawe vilivyochongwa kwenye mteremko, kama nusu ya bakuli, vikitazama bahari. Hawakujenga mteremko, ulikuwepo. Walikaa tu juu yake na kugundua kwamba kila mtu anasikia.

Alinituma nipande safu ya juu, yeye akabaki chini katikati. Kisha akazungumza kwa sauti ya kawaida, na nikamsikia kana kwamba yuko kando yangu. Nilidhani ataimba au atataja majina ya nyumbani. Badala yake alisema, "Nafula, ukuta uliniangukia wiki ile Baba alikufa."

Aliendelea akitazama mawe, si mimi. Habari zetu zilimkuta kitandani, hospitali ya mjini, nyonga na goti vimevunjika. Alilala miezi minne. Ile mistari miwili aliandika Eleni. Yeye alimwambia tu aandike nini. Hakutaka Mama ajue, kwa sababu angeulizwa ukuta gani, na shamba gani, na kwa nini bwana shamba anabeba mawe. Baba alikuwa ametangaza Kanduyi nzima. Aliona heri tumwite mwenye moyo mgumu kuliko Baba azikwe kama mtu aliyedanganywa.

"Nilidhani mtanikasirikia mwaka mmoja," alisema.

Ilikuwa zamu yangu, na nilifurahi kwamba alikuwa mbali. Nilimwambia jambo ambalo sijamwambia yeyote kati yenu, ingawa wengine mlikuwepo. Siku ya mazishi mimi ndiye niliyesoma historia ya Baba. Nilikuwa na karatasi yenye majina ya watoto sita. Nilipofika kwenye jina la kwanza nililiruka. Nilisema marehemu ameacha watoto watano, na Mama alinitazama, na hakuna aliyenisahihisha.

Simiyu alikaa chini kwenye jiwe, mguu umenyooka mbele yake.

"Ningekuwa mimi," alisema mwishowe, "ningeruka pia."

Niliteremka nikaketi karibu naye. Nikamfikishia swali la Mama, kama bado ni mtu wa Kanduyi. Akanielekeza baharini. Alisema katika miji kama huu, ardhi ilipowashinda watu, vijana walipakiwa melini wakatafute pwani nyingine. Kabla ya kuondoka walichukua moto kutoka meko ya mji, wakaulinda njia yote, na huko walikofika waliwasha meko yao kwa moto huo. Mji walikotoka waliuita mama.

Nilikuwa nalijua jambo hilo. Sikuwahi kulifundisha kwa sababu halikuwa na alama kwenye mtihani.

"Si walikuwa hawajapotea?" alisema. "Walikuwa tu hawana shamba nyumbani. Mimi hapa nimewasha. Mwambie Mama mimi ni wa kwake, lakini shamba langu ampe Naliaka. Na sijasema kwa hasira."

Nilimkumbusha kwamba baba zetu wadogo hawatakubali mwanamke apewe shamba. Akasema mwana wa kwanza ndiye anayesema, na kama wanataka kulisikia neno lenyewe, simu ipo.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na kisa, isipokuwa nilimwinulia nyusi afisa mmoja uwanjani na kujirekebisha haraka. Nilimaliza karanga juu ya Sudan. Asubuhi ya pili nilikuwa Kanduyi, na kila kitu kilikuwa kijani hadi macho yaliniuma.

Mama alinisikiliza akichambua maharage. Nilimweleza mlima, udongo wa vikapuni, kuta. Nilipofika kwenye hospitali mikono yake ilisimama. Kisha akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Mvua yao hunyesha mwezi gani? Mtini unazaa mara ngapi? Yule mwanamke, alikuwa akimfulia alipolala? Nilimjibu yote. Nikamwambia pia kuhusu karatasi ya mazishi. Akasema alijua siku ile ile, na kwamba aliniacha kwa sababu na yeye alikuwa amekasirika.

Nilimwuliza kama nimpigie Simiyu. Alikataa. Alisema atazungumza naye akiwa na la kumwambia.

Baba wadogo walibishana Jumapili mbili. Mkubwa wao alisema hajawahi kuona jambo kama hilo. Mama akamjibu kwamba yeye pia hajawahi kuona mtu akibeba udongo kwa kikapu kuupeleka mlimani, lakini mwanawe anafanya. Jumapili ya tatu mpaka uliwekwa, na Naliaka alianza kulima kesho yake, kwa sababu mvua za vuli zilikuwa karibu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa huko. Maharage ya Naliaka yalikuwa yameshatoa majani mawili mawili. Mama alisimama kando ya mpaka na kunyoosha mkono, na sikuelewa hadi aliposema, "Nipatie hiyo simu."

Nilipiga, nikampa. Hakusalimia. Alianza kumweleza Simiyu kuhusu yale maharage, mstari kwa mstari, yalipandwa lini na ni ya mbegu gani. Kisha akasikiliza. Akaiondoa simu sikioni kidogo, akaifunika kwa kiganja.

"Bado anaongea kama baba yenu," aliniambia.

Nilisogea hadi upande wa pili wa shamba alikokuwa Naliaka, tukawaacha. Niliona tu mkono wa Mama ukipanda na kushuka, ukimwelekeza mwanawe miti ambayo hawezi kuiona. Salio lilipoisha alinigeukia akiwa amekunja uso, akanituma dukani upesi nikanunue kadi nyingine, kabla hajasahau alichotaka kumuuliza.